Shax ya Garissa: Aliyezibwa Hupewa Njia

Sisi watu wa pwani ukitutajia mchezo wa akili, fikira zetu hukimbilia bao. Wala si ajabu. Tangu Lamu mpaka Kilwa, na Unguja na Pemba, ni nadra kukuta baraza iliyotulia isiyokuwa na ubao wake wa mashimo 32 na komwe 64, wazee wawili wameinamiana, na wengine kumi nyuma yao wakitoa mashauri ambayo hakuna aliyewauliza. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliliingiza bao katika tungo zake. Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikuwa mpenzi wa bao, na wako watu waliomsifu kuwa aliitawala nchi kama mtu anayehesabu kete kabla ya kuzigusa. Wako pia waliosema kuwa kete zilikuwa ni wao, na kwamba walichoka kuhamishwa shimo hadi shimo. Hayo tuyaache, maana yana wenyewe.

Kwa hivyo kusema kwamba mchezo waweza kumfundisha mtu uongozi si habari ngeni kwetu. Kuweka akiba ghalani, kutoa kidogo upate kingi, kuilinda nyumba yako isiliwe, yote hayo yamekwisha kusemwa barazani na watu wanaolijua bao kuliko mimi. Ninalotaka kuliandika leo ni la jirani zetu wa kaskazini, watu wa Garissa, ambao tunanunua ng'ombe wao, tunaswali nao safu moja, lakini michezo yao hatuijui.

Kwanza nikumbushe jambo moja la bao. Mchezaji wa bao akiishiwa kete katika safu yake ya mbele, au akiwa hana tena mwendo wa kucheza, amekwisha. Ameliwa. Watu hupiga makofi, huyo hunyanyuka, akaingia mwengine. Kumzibia mwenzio kila njia ndiyo ushindi wenyewe. Naomba msomaji alishike hilo mkononi, nitalirudia.

Garissa kutoka kwetu hufikwa kwa njia ya Malindi, Garsen na Hola, ukiufuata Mto Tana kwenda juu, mpaka uione mitende na migomba ya kandokando ya mto imekwisha na nchi imekuwa kavu. Mji umekaa ng'ambo ya daraja. Una soko la mifugo ambalo umaarufu wake umevuka mipaka ya Kenya, na siku ya soko vumbi la ng'ombe na ngamia huwa limeuficha mji nusu. Huko, chini ya migunga, nje ya msikiti, pembeni mwa duka la chai, utawakuta wazee wamechora mchangani miraba mitatu, mmoja ndani ya mwengine. Mchezo huo waitwa shax. Hiyo herufi ya mwisho, katika maandishi ya Kisomali yaliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972, husomwa kama ha ya Kiarabu itokayo kooni, si kama mtu anayesema teksi. Aliyesoma chuoni haitamshinda.

Miraba ile mitatu huunganishwa kwa mistari minne inayopita katikati ya kila ubavu. Kila mraba una vituo vinane, pembe nne na katikati nne, na jumla yake ni vituo 24. Kila mchezaji ana vipande 12. Huyu mawe, yule vijiti, au chochote kilichoko karibu, maana mfugaji hatembei na ubao kichwani. Wanaanza kuweka kwa zamu, kimoja kimoja. Shabaha ni kupanga vipande vitatu vyako kwenye mstari mmoja. Hiyo huitwa jare, na anayepata jare humla mwenzake kipande kimoja. Atakayebakiwa na viwili ameshindwa.

Lakini kuna mambo mawili ndani yake ambayo kwetu hayako.

La kwanza ni kwamba katika kule kuweka, hakuna kula. Hata ukipata jare mapema, utangoja mpaka vipande vyote 24 viwe vimeketi na uwanja umejaa. Hapo ndipo aliyetangulia kupata jare hutoa kipande cha mwenzake, na mwenzake naye akatoa kimoja, nafasi ikapatikana, na mwendo ukaanza. Yaani kila mtu kwanza akae mahala pake, ndipo kugombana kuanze.

La pili ndilo lililonikalisha pale hata chai ikanipolea. Mchezaji akizibwa, vipande vyake vyote vikawa havina pa kusogea, hashindwi. Humwambia mwenzake ampe njia. Na mwenzake hana hiari katika hilo. Ni lazima asogeze kipande chake mwenyewe mpaka njia ifunguke. Tena, ikiwa katika kule kufungua njia vipande vyake vitajipanga vikawa jare, hana ruhusa ya kula. Jare hiyo haihesabiwi.

Nilimuuliza mmoja wa wale wazee sababu yake. Alikuwa mtu wa makamo ya babu, ndevu zake nyekundu kwa hina, na Kiswahili chake kizuri cha mtu aliyewahi kufanya biashara Mombasa.

"Sheikh," akaniambia, "hivi ni vijiti. Lakini waliotuachia mchezo huu walikuwa wafugaji. Mfugaji ukimzibia njia ya kisima hakai chini akafa. Atapita juu yako."

"Na kwa nini yule anayefungua asile, ikiwa amepata jare?"

"Amefungua kwa kuwa ni haki ya mwenzake. Akila hapo, amemuuzia haki yake."

Adhana ya Alasiri ikatoka. Wakanyanyuka wote, wakaacha vijiti na mawe vile vile yalivyo, wakaenda kuswali. Hakuna aliyesimama kulinda. Waliporudi wakaendelea pale pale, wala sikusikia mtu kumshuku mwenzake. Nimelitaja hili kwa ajili ya wale miongoni mwetu wanaosema kila mchezo ni haramu. Imam Shafii, ambaye sisi na ndugu zetu Wasomali tunafuata madhehebu yake, hakuuharamisha sataranji. Aliukirihi, maadamu hauna kamari na hauwapotezei watu Swala zao. Mchezo wa kete za bahati ndio uliokatazwa. Wazee wa Garissa hawakuwa na kamari, na Swala yao nimeiona.

Usiku ule nilipata ubeti:

Nimekaa mchangani, shaha nikiangalia,
Kete zimo kifungoni, njia zimejifungia,
Mwenye nguvu uwanjani, ndiye wa kufungulia,
Na walioko vitini, wangapi walisikia?

Nimeandika shaha ili mizani ikae, wenye shax wanisamehe.

Sasa tuwatazame hao walioko vitini, na tuanze mbali. Nchi hii ya kaskazini mashariki ilitawaliwa muda mrefu na watu ambao kanuni ya pili ya shax hawakuijua, au waliijua wakaikataa. Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza iliifanya kuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki ila kwa kibali. Sheria ya 1934 ikaongeza mafundo. Mwaka 1962 tume ya Kiingereza iliwauliza watu wa huko wanataka nini, na walio wengi wakasema wanataka kujiunga na Somalia. Walipokwisha kuulizwa, jibu lao likawekwa kando. Wasomali wakaususia uchaguzi wa 1963, na mwisho wa mwaka ule, Kenya ikiwa na siku chache tu za uhuru, hali ya hatari ikatangazwa kwao na vita vya Shifta vikawa vimeanza. Watu waliozoea kufuata mvua wakasukumwa katika vijiji vya kulindwa, na mifugo wasiokuwa na malisho wakafa. Hapo ndipo utakapoona maana ya mchezaji aliyezibwa pande zote.

Vita vile havikwisha kwa kumla mtu kipande cha mwisho. Vilipoa kwa mazungumzo ya Arusha ya Oktoba 1967, ambapo Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwaweka pamoja Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal. Serikali mbili zikapeana njia. Lakini wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera hawakupewa: sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya vichwa vyao mpaka 1991, miaka 28. Chini ya sheria hizo, Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulitiwa moto na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule wakawekwa humo siku kadha. Wenyeji huliita tukio hilo Gubai, yaani kuchomwa. Februari 1984 ikafuata Wagalla, karibu na Wajir, ambako wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa katika kiwanja cha ndege. Serikali ilikiri vifo 57. Wenye kufiwa wamesema siku zote kwamba idadi ni kubwa mno kuliko hiyo. Mambo haya mawili yameandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Mei 2013, na asiyeyajua ayasome. Mimi ninalotaka kulionyesha ni hili: mara zote mbili watu walikusanywa uwanjani, njia zikafungwa, na aliyezifunga akadai huo ndio usalama.

Lakini nisije nikaonekana kuwasifu Wasomali kwa kuwa na mchezo mzuri, kisha nikanyamaza juu ya waliyotendeana wenyewe. Miaka ya 1992 hadi 1995, Wajir iliwaka. Waajuran, Wadegodia na Waogaden walipigana kwa sababu za uchaguzi, visima na malisho, baada ya ukame mkubwa. Waliocheza shax pamoja walikataa kupeana njia ya kisima. Mchezo hauwi kinga. Unaweza kuijua kanuni utotoni, na ukubwani ukaivunja ukiwa na bunduki.

Waliofungua njia Wajir walikuwa wanawake, na aliyejulikana zaidi kati yao ni marehemu Dekha Ibrahim Abdi. Alisimulia kuwa usiku mmoja wa 1993 risasi zilipita ndani ya chumba chake, naye akajificha na mwanawe uvunguni mwa kitanda. Asubuhi mama yake akamwambia kuwa Dekha mwenyewe, alipokuwa mtoto, alifichwa uvunguni vile vile. Vizazi vitatu chini ya kitanda kimoja! Akaona hili halivumiliki, akakutana na wenzake.

Hawakuanza kwa hotuba. Walianza sokoni. Soko lilikuwa limegawanyika, mwanamke wa ukoo huu haruhusiwi kuuza wala kununua kwa wa ukoo ule. Wao wakaafikiana kuwa soko ni la kila mwanamke, wakaweka kamati ya kulitazama kila siku, na penye mgogoro mdogo wakaumaliza kabla haujafika nyumbani kwa wanaume. Kisha wakawaendea wazee. Na hapa kuna werevu ambao mchezaji yeyote atautambua: aliyetangulizwa kuwasemea wazee hakutoka katika koo kubwa zinazopigana, alitoka katika ukoo mdogo, ambao hakuna aliyeuogopa. Mkubwa akikuita, unahisi anakuwinda. Mdogo akikuita unakwenda. Septemba 1993 wazee wakatia mkono azimio lililoitwa la Al-Fatah, na mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo iliyowakalisha pamoja wanawake, wazee, vijana, mashekhe na maofisa wa wilaya. Mfano huo ukaenea wilaya nyengine. Mwaka 2001 mkutano wa Modogashe, kwenye mpaka wa Garissa na Isiolo, ukaandika kanuni za malisho na maji, na fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Hesabu hiyo ya nusu imelalamikiwa, na nadhani mjadala wake bado.

Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kwa majeraha ya ajali ya gari iliyompata akiwa safarini kwenda Garissa. Mumewe na dereva walifariki katika ajali hiyo. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tuje katika zama za kaunti. Katiba ya 2010 ilileta magavana na fedha, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 Garissa, Wajir na Mandera zina serikali zao wenyewe. Hilo ni jambo kubwa kwa watu ambao babu zao walihitaji kibali kwenda Isiolo. Lakini pesa zilipofika, vita vya viti vikawa vikali zaidi, na wazee wakatafuta dawa: koo zikae kabla ya uchaguzi, zigawane viti. Ukoo huu ugavana, ule useneta, ule ubunge. Siku ya kura watu wakathibitishe tu yaliyokwisha kuafikiwa. Wenyewe huliita maafikiano, na wasomi wakalipa jina la demokrasia ya mashauriano.

Mimi silidharau jambo hili. Mahala ambapo kura moja iliwahi kumwaga damu ya wengi, watu wana haki ya kuogopa kura. Na mkutano ambao ukoo mdogo unapewa kiti ambacho kwa hesabu ya vichwa usingelikipata kamwe, huo ni mkutano wa watu wanaoijua kanuni ya pili. Tatizo ni pale orodha inapofungwa na wachache wakasema imekwisha. Hapo wamekula kabla vipande havijawekwa. Kijana aliyerudi na shahada hakuwekwa. Mwanamke hakuwekwa. Mlala hoi wa ukoo huo huo mkubwa, ambaye jina la ukoo wake linatumiwa kumpatia tajiri kiti, naye hakuwekwa.

Mandera walilionja hilo. Wazee wa Garre waliamua kuwa walioshika viti mwaka 2013 wasigombee tena 2017, ili wengine nao wapate zamu. Gavana Ali Roba alikataa, akaenda kwa wapiga kura, Agosti 2017 wakamrudisha. Wako wanaomwona mvunja miiko na wako wanaomwona shujaa. Mimi naona tu kuwa wananchi walipewa njia wakaitumia, na Mandera haikuporomoka. Garissa nako, Nathif Jama alichaguliwa gavana 2013, akashindwa na Ali Korane 2017, akarudi kushinda 2022. Aliyeshindwa alikwenda nyumbani, hakwenda msituni, kwa kuwa alijua miaka mitano si milele. Kwa nchi iliyotoka katika hali ya hatari, hilo lina thamani kuliko barabara ya lami.

Hapa kuna jambo ambalo wapenda michezo hulisahau. Katika shax na katika bao, anayecheza ni mtu na kinachochezwa ni jiwe. Jiwe halina mama. Katika utawala, kiongozi anayejifikiria kuwa mchezaji na wananchi kuwa vipande vyake amekwisha kupotea kabla hajasogeza mkono. Ndiyo maana sijali sana ujanja wa kupanga jare, ambao kila mwanasiasa anao wa kutosha. Ninachokipenda katika shax ni ile kanuni inayomfunga mkono anayeshinda.

Basi tuipime kanuni hiyo katika Kaunti ya Garissa yenyewe, katika jimbo la Ijara, ambalo limepakana na Lamu na kwa hivyo ni jirani zetu wa ukuta mmoja. Tangu uhuru, miaka zaidi ya hamsini, hakuna mwanamke aliyepata kuchaguliwa mbunge wa jimbo katika eneo zima la kaskazini mashariki. Wazee walikuwa na hoja zao, nyengine wakizivisha dini, na mashekhe wengine wakazivua. Sophia Abdi Noor aliingia bungeni kwanza kwa kuteuliwa na chama mwaka 2008. Agosti 2017 akaomba kura Ijara, akapewa, akawa wa kwanza. Wanaume waliompigia kura ni wengi, na baadhi yao ni wale wale waliokuwa na uwezo wa kumzibia.

Mwaka 2022 aliomba tena akashindwa, kiti kikaenda kwa mwanamume. Hilo halinishangazi wala halinihuzunishi, ndivyo uchaguzi ulivyo. Ninalolitazama ni jengine. Msichana wa Ijara atakayejitokeza mwaka 2027 huenda akashindwa kwa kura, kwa fedha, au kwa kuwa wapinzani wake ni hodari kumshinda. Lakini atakayemwambia kuwa jambo hilo halijapata kuonekana, atacheka mpaka na wazee wenyewe wacheke.